Umembadilishia Mama Baba Yake

Mtaa wa Iftin,
S.L.P. 617,
Garissa.

Tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Lazarus,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Caro na binti yenu Wavinya. Natumaini mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu, na Caro amepewa zamu za mchana alizokuwa akiomba. Mimi ni mzima. Magoti ya Mama ni yale yale, ila presha imeshuka. Mvua ya Aprili ilitupita juu kwa juu, na maji ya bomba tunayapata siku mbili kwa wiki. Tunashukuru kwamba hata hizo mbili zipo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unanikatiza, na nikiandika kwenye kundi la familia watu thelathini na wanne wanasoma. Daktari Guleid, jirani yetu, anakuja Leeds kwa masomo ya miezi mitatu, naye amekubali kukubebea. Isome yote kabla ya kujibu. Hilo nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kumshinda.

Nadhani hujui jambo ulilolianzisha limefika wapi. Wewe ulituma picha ukaenda kazini. Sisi tumeishi nalo tangu Mei.

Jumapili ile uliweka kwenye wasapu mti wa ukoo. Juu kabisa kulikuwa na bwana mmoja wa Kiingereza mwenye ngao ya simba wawili, aliyekufa miaka mia tano iliyopita. Chini yake msururu wa Waingereza, baba na mwana, baba na mwana, mpaka kwa mtu anayeitwa Wilfred Ashcombe. Chini ya Ashcombe ukamweka Mama yetu Zilpah. Chini ya Mama, mimi na wewe. Halafu ukaandika, "Hatimaye tumejua sisi ni nani."

Lazarus, mimi nilikuwa najua.

Laiti ungeishia hapo. Ulimpigia Mama simu nikiwa bado kanisani, ukamwambia mwenyewe, mama wa miaka themanini na zaidi, yuko peke yake sebuleni, kwamba Babu Ngumbau hakuwa baba yake. Nilipoingia nilimkuta ameifunika simu mapajani kama mtu aliyefunika chakula nzi wasikiguse. Nikamuuliza kuna nini.

"Lazarus anasema baba yangu ni mzungu," akasema. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Nani mwingine amesoma?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia wote.

Ulifikiri unampa zawadi, najua. Hukusimama kidogo ukafikiria kwamba ukimpa Mama baba mpya unamwita Nyanya Kalunde mwanamke aliyezaa nje, na Babu Ngumbau mwanamume aliyelea mtoto wa mwingine bila kujua, au akijua na kunyamaza. Watu hao wamelala kaburini na hawawezi kukujibu. Anayebaki kujibu ni Mama.

Naye akaacha kwenda kanisani. Jumapili moja, ya pili, ya tatu. Alisema ni magoti, lakini magoti hayakumzuia kukaa mlangoni kutwa nzima. Unamkumbuka Madino, jirani anayeuza maziwa ya ngamia? Kila alasiri huja kunywa chai na Mama. Siku moja alinisubiri langoni nikitoka kazini.

"Mama yako anaumwa na kitu hasemi," akaniambia. "Mimi nabika chai, nabeleka, yeye anaangalia tu. Kwani nani amekufa?"

Nikamweleza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Madino hakuelewa kabisa. Yeye anaweza kukutajia baba, babu na baba wa babu mpaka ishirini na kitu bila kuvuta pumzi, na watoto wake pia, hata yule wa darasa la pili. Aliniuliza, "Sasa huyo ndugu yako, hakufundishwa nyumbani?" Niliona aibu, na aibu hiyo ni yako.

Tatizo la pili ni Morris, mtoto wa marehemu mjomba. Unajua kipande cha shamba cha kule Nguni ambacho Babu alimpa Mama aliporudi nyumbani baada ya Baba kufariki. Mama alilima pale miaka ishirini na tano, mpaka magoti yalipogoma nikamleta Garissa. Morris amekitamani siku zote ila hakuwa na pa kushika. Wewe ukampa mpini.

Wiki mbili baada ya picha yako alinipigia, sauti tamu kama ya mtu anayeleta rambirambi. "Dada Mutanu, shangazi ni mtu wa heshima kwetu, hilo halibadiliki. Lakini ardhi ya Ngumbau ni ya damu ya Ngumbau. Lazarus mwenyewe ameandika, na Lazarus ni msomi." Nilipomwambia akome, akanijibu kwamba vigingi vimeshapigwa. Na kweli, alikuwa ameng'oa ua, ameng'oa na mbaazi nilizompandia Mama zikiwa na maua, akaandika barua kwa mzee wa kijiji. Kwenye barua hiyo alibandika picha yako, hata simba wawili wamo.

Sasa nisikilize kama mtu wa kazi yangu. Miaka ishirini na moja nimekaa kwenye dirisha la usajili wa vizazi na vifo. Kila siku anakuja mtu anayetaka kuandikiwa baba. Mwingine baba yake alifia safarini, mwingine alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Hagadera na karatasi zikapotea, mwingine ana karatasi mbili zenye baba wawili. Simwamini mtu kwa sura, wala simkatai kwa sura. Naomba kadi ya kliniki, barua ya chifu, mtu aliyekuwepo mtoto akizaliwa. Juzi alikuja bwana mmoja anaitwa Jelle, ametembea tangu alfajiri, na nikamrudisha kwa sababu shahidi wake alikuwa amezaliwa baada ya yule anayemshuhudia. Aliudhika, lakini alirudi na shangazi yake na tukamaliza. Wewe, Lazarus, na huo mti wako, nisingekufikisha hata kwenye kiti.

Niliuchunguza. Kompyuta inanitatiza, kwa hiyo nilimwomba Siham, msichana tunayefanya naye kazi, tukae naye saa ya chakula cha mchana. Siham hana maneno mengi. Alianza juu, akawa anashuka na kalamu. "Huyu hapa alizaa akiwa na miaka minane," akasema. Akashuka tena. "Huyu mama amejifungua miaka miwili baada ya kuzikwa." Tulihesabu makosa saba kabla hatujafika kwa Ashcombe. Mahali pawili umechukua watu wawili wenye jina moja ukawafanya mtu mmoja, kwa sababu tu mmoja alihitajika ili kumfikia yule wa simba.

Lakini hao ni wafu wa Waingereza, wagawane wenyewe. Mimi nilitaka kujua nani aliandika kwamba Mama ni mtoto wa Ashcombe. Ulisema umethibitisha kwa Bi Rosemary, mjukuu wa ndugu yake Ashcombe, na kwamba kwenye mti wake Mama yumo. Siham akaufungua huo mti wa Bi Rosemary. Mama yumo, kweli. Pembeni pameandikwa aliyeleta habari. Ni wewe.

Yaani wewe ulimwambia, yeye akaandika, halafu ukasoma alichoandika ukasema sasa imethibitishwa. Nilicheka, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nimecheka.

Nilimwandikia Bi Rosemary, Siham akininyooshea Kiingereza. Nilitarajia jeuri. Alijibu baada ya siku mbili kwa adabu nyingi, akaomba radhi, akasema alikuamini kwa kuwa wewe ndiye mwenye mama. Akanitumia alichonacho: barua chache ambazo Ashcombe aliwaandikia kwao wakati wa vita. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Meli yake ilitia nanga Mombasa Septemba 1940, akaletwa kusimamia barabara ya kuja Garissa. Kwenye barua mojawapo anamtaja nyapara wake hodari, Ngumbau.

Na nitakuambia kweli, palikuwa na jambo moja lililonitia hofu. Mama yake Ashcombe aliitwa Zilpah. Hilo ndilo ulilolishika kama ushahidi mkuu, na nilielewa kwa nini. Kitambulisho cha Mama kinasema amezaliwa 1941. Mzungu amefika mwishoni mwa 1940, mtoto anapewa jina la mama wa mzungu. Mtu yeyote angehesabu vidole. Mimi pia nilihesabu.

Ila mimi najua jambo ambalo wewe hulijui kuhusu vitambulisho vya wazee wetu. Mwaka ule ulikisiwa. Karani alimtazama mtu usoni, akauliza kama alizaliwa kabla ya nzige au baada, akaandika. Nimeona ndugu wa tumbo moja waliopishana miezi mitatu.

Kwa hiyo nikaomba likizo ya siku nne, nikapanda basi mpaka Mwingi, kwenye lile kanisa la misheni alikobatizwa Mama. Anayetunza vitabu ni mwinjilisti mstaafu, Bi Mumbua, aliyevifunga kwa nailoni kimoja kimoja kama vitoto. Aliniambia kwamba miaka michache iliyopita walikuja watu wenye kamera wakapiga picha kurasa ili ziwekwe mtandaoni. "Walikuwa na haraka," akasema.

Tulikitoa kitabu cha 1941. Lazarus, kitabu hicho kimeandikwa Kiswahili, na kila mtoto ameandikwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto unasema: Zilpah. Amezaliwa Novemba 1940. Baba: Ngumbau wa Nzioka, nyapara wa barabara. Mama: Kalunde. Ukurasa wa kulia unarudia jina la mtoto, halafu unasema: Baba wa ubatizo: Bw. W. Ashcombe. Halafu jina la mchungaji.

Waliopiga picha waliweka mtandaoni ukurasa wa kulia peke yake. Na aliyenakili huko mbali, asiyejua Kiswahili, aliandika neno la kwanza, "Baba", akaona hayo mengine ni mapambo, nawe ukaokota hapo kwenye tovuti. Yeye simlaumu. Lakini wewe umezaliwa Mwingi, umebatizwa kwenye birika lile lile, na baba yako wa ubatizo alikuwa Mwalimu Kasyoka. Je, wewe ni mtoto wa Kasyoka?

Mama alizaliwa Novemba. Ashcombe alishuka melini Septemba. Hesabu hiyo hata Wavinya ataiweza. Alimshika mtoto wa nyapara wake pale kanisani, akaombwa amchagulie jina, akachagua la mama yake aliyekuwa mbali. Ndiyo habari yote. Ni habari nzuri. Ungetuletea hiyo tungefurahi.

Bi Mumbua alinipigia nakala za kurasa zote mbili, akagonga muhuri wa kanisa. Nikaenda nazo Nguni kwa Morris, pamoja na mzee wa kijiji. Morris alisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Sasa ningejuaje?" akasema. "Ni Lazarus aliyeandika." Kesho yake aling'oa vigingi. Ua hajaurudisha, ameahidi baada ya mavuno, nami nitamfuata. Mbaazi zilikwisha.

Nilirudi Garissa nikiwa nimejaa kiburi kama mwanasheria aliyeshinda. Nilimkalisha Mama, nikamvalisha miwani, nikamsomea kushoto na kulia. Nilidhani atalia kwa furaha au atasema asante. Alikunja zile karatasi taratibu, akanirudishia.

"Na kama kitabu kingesema vingine?" akaniuliza.

Nikamwonyesha muhuri wa kanisa.

"Nilipougua surua nikiwa na miaka sita," akasema, "baba yangu alinibeba begani kutoka Nguni mpaka Mwingi kwa daktari. Siku mbili. Njiani alikuwa akiniwekea kitambaa chenye maji machoni. Hakwenda kanisani kwanza kusoma kitabu." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Lazarus yuko mbali, hanioni. Lakini wewe, Mutanu, wiki zote zile ulikuwa ukinitazama mikono. Ulikuwa ukitafuta rangi."

Ni kweli. Nilikuwa nikimmiminia maji ya kunawa nikitazama ndani ya viganja vyake. Sikukuambia mapema katika barua hii kwa sababu nilitaka kukukasirikia vya kutosha kwanza. Wewe ulimwambia kwa simu, mimi nilimwambia kwa macho, kila siku, asubuhi na jioni. Nilipanda basi kwenda Mwingi kumtetea, lakini pia nilikwenda kwa sababu sikuwa na uhakika, naye alijua. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Aliniwekea mkono kichwani, akaniambia niinuke, nimwitie Madino, chai inapoa.

Jumapili iliyopita alivaa leso yake ya bluu akasema twende. Kanisani, mchungaji alipowaomba wageni wasimame wajitambulishe, Mama akasimama. Watu walishangaa, maana amesali pale miaka minane. Miaka yote hiyo hujitambulisha kwa jina la Baba, kama mke wa mtu. Safari hii akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwa muda, "Naitwa Zilpah Ngumbau, kutoka Nguni. Nilikuwa nimepotea kidogo." Akaketi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka kwako. Uandike kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale thelathini na wanne, kwamba ulikosea, na uweke picha ya kurasa mbili ambazo nimekufungia hapa ndani. Usianze kueleza tovuti ilivyofanya. Andika kwamba ulikosea. Umwombe Bi Rosemary amtoe Mama kwenye mti wake, au amwandike kwa haki, mtoto wa ubatizo wa Wilfred Ashcombe. Nadhani atapenda, kwa sababu aliniandikia kwamba Ashcombe hakuoa wala hakuzaa, na kwao hakuna aliyejua kama aliwahi kumpakata mtoto yeyote.

Sisemi uache utafiti. Kutaka kujua tulikotoka si dhambi, na najua upweke wa huko unakufanya utafute watu hata makaburini. Lakini unamtafuta bwana wa simba wawili, na hujui hata Babu yako alikuwa akipenda nini. Mimi pia sikujua. Nimejua wiki hii, kwa kuuliza.

Baada ya kuandika, mpigie Mama simu. Huku saa kumi alasiri ndiyo saa yake nzuri. Usimpelekee ushahidi wala maelezo, na usijitetee. Muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Halafu, Lazarus, nyamaza. Atachukua muda kuanza. Usidhani simu imekatika.

Caro mpe salamu nyingi, na mwambie zile dawa za magoti alizotuma zilifika salama. Mbusu Wavinya kwa niaba ya nyanya yake. Madino anakusalimu ingawa bado amekununia, na Siham anasema umpe pole mama yule aliyejifungua akiwa kaburini. Mama hakusema nikuambie lolote, lakini aliniuliza mara mbili kama nimeandika anwani sawasawa.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akubariki kazi ya mikono yako, na akurudishe nyumbani Desemba tukiwa wote wazima.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Mutanu